Niletee ya Moto

Kwenye baa za Moshi ukiagiza bia, swali la kwanza la mhudumu ni hili: "Ya baridi au ya moto?" Ya moto haijachemshwa. Ni ile iliyokaa kwenye kreti pembeni, haijaonja friji, ina joto lilelile la chumba. Vijana tunasema ya baridi, tena tunaipapasa chupa kwanza kuona kama inatoka jasho. Wazee wanasema ya moto. Baba mdogo wangu, mkulima wa kahawa wa Old Moshi, sijawahi kumsikia akijibu vingine, na kwa miaka mingi nilimweka kwenye fungu la watu ambao friji ziliwakuta wameshakomaa.

Novemba iliyopita alikuja London kumwona bintiye, dada yangu, aliyekuwa amejifungua. Siku tatu alilala kwangu ili mzazi apumzike. Jioni ya pili nikafungua chupa ya stauti, ile bia nyeusi, na ndani ya saa moja na nusu mzee huyu akanifundisha kunywa kitu ambacho nilikuwa najidai nakijua.

Kuna kiwanda kidogo cha bia kiitwacho The Kernel, chini ya matao ya reli huko Bermondsey, kusini mwa mto Thames. Kilianzishwa mwaka 2009 na Evin O'Riordain, mtu wa Ireland aliyekuwa akiuza jibini kabla ya kuingia kwenye bia. Treni zinapita juu, mapipa yapo chini. Mtaa mzima wa matao yale sasa umejaa wapika bia wadogo, na Jumamosi unakuta makundi ya vijana wakitembea kutoka tao moja hadi jingine mpaka miguu inakataa. Mimi siendi kwa makundi. Naenda, nanunua chupa zangu mbili, naondoka.

Napenda lebo zao kwa sababu hazijipendekezi: karatasi ya kaki, kama bahasha za ofisi za serikali, na maandishi meusi yaliyokaa kama yamegongwa kwa mhuri. Hakuna simba, hakuna fuvu, hakuna mlima wenye theluji. Ile niliyonunua siku hiyo iliandikwa Export Stout London 1890. Maana yake ni kwamba wameirudisha stauti ya London ya mwaka huo, ile iliyopikwa kali na kutiwa kwa wingi hopsi, maua yanayoleta uchungu, ili ivumilie safari ya meli. Kilevi chake kinapita asilimia 7, kwa hiyo chupa moja watu wawili inatosha kabisa.

Nieleze kwanza aibu yangu. Mwaka juzi rafiki wa kazini alinivuta kwenye jioni ya kuonja bia, ghorofani kwenye baa moja. Tulipewa vikombe sita vidogo na kadi yenye duara lililogawanywa vipande kama chungwa, kila kipande kina jina la ladha. Kwenye upande wa bia nyeusi niliombwa nichague kati ya matunda meusi ya vichakani, mizizi tamu ya dawa ya kikohozi, keki ya Krismasi na tandiko la farasi. Sijawahi kulamba tandiko la farasi. Wenzangu waliandika, wakafuta, wakajadiliana kwa sauti za chini kama wako kanisani. Mimi nikaandika "nzuri" mara sita. Nikatoka pale nikiamini kwamba kuonja bia ni elimu ya wenyewe, na kwamba ulimi wangu ni wa kumezea tu.

Sasa turudi jikoni kwangu. Chupa moja nilikuwa nimeiweka kwenye friji tangu asubuhi. Ya pili ilibaki kabatini. Nikachukua glasi mbili pana, nikainamisha ya kwanza, nikamimina taratibu, kwa sababu bia hii inamalizia kuchachuka ndani ya chupa na hamira yake inatua chini. Ikateremka kama mafuta ya gari, nyeusi, kisha povu likapanda, rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Niliponyanyua glasi kwenye taa, ukingoni palionekana wekundu wa juisi ya rozela. Kumbe nyeusi yake ni nyekundu iliyokolezwa mno.

Nikampa. Akaipokea kwa mikono miwili, akaishikilia. Hakunywa.

"Karibu, baba," nikamwambia.

Akanitazama kwa huruma fulani. "Tangu lini mgeni akaanza? Mwenye pombe ndiye anayeonja."

Nilikuwa nimesahau. Kwetu kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, haiendi kwa mgeni kabla aliyeileta hajapiga funda mbele ya watu. Wengine watakwambia ni kuthibitisha kwamba haina sumu. Mimi nadhani ni zaidi ya hapo: anayeonja kwanza anakubali kuhukumiwa. Nikaonja. Baridi, chungu, nzuri. Nikasema, "Nzuri."

Naye akapiga funda dogo, akalizungusha mdomoni, akameza, akakaa kimya kidogo.

"Imelala," akasema.

"Imelala?"

"Baridi imeilaza. Hapa unakunywa maji machungu. Ngoja iamke." Akaizungushia glasi viganja vyote viwili, kama mtu aliyeshika kifaranga, akaegemea kiti. "Wakati tunangoja, niambie kwa nini ni nyeusi."

Hapo nilikuwa na majibu, kwa sababu kama wengi wanaoshindwa kuonja, nilikuwa nimesoma sana. Nikaanzia alipo yeye. Nikamwambia kimea cha shayiri hakina tofauti kubwa na kimea cha ulezi cha bibi: nafaka inalowekwa, inaachwa iote, halafu inakaushwa kabla chipukizi halijala sukari yote. Inasagwa, inatiwa kwenye maji ya moto, sukari inajitenga. Yale maji matamu kabla ya kutiwa hamira ni togwa ya shayiri, hakuna neno jingine. Yanachemshwa pamoja na hopsi, maua ya mmea unaotambaa kwenye miti na kamba, ili yapate uchungu na yasiharibike haraka.

"Hiyo ni msesewe yao," akasema.

Ndiyo. Msesewe ni mti ambao gome lake linatiwa kwenye mbege, na bila huo uchungu mbege inabaki uji mtamu wa ndizi wa kuchosha. Nimesoma vitabu viwili vizima kuhusu hopsi na hakuna sentensi iliyonieleza kazi yake kwa haraka namna ile.

Kuhusu weusi, habari ni ndefu kidogo, nayo inaanza na wapagazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1700 London ilikuwa na bia ya kahawia iliyopendwa na wanaume waliobeba mizigo kutoka melini kwenda sokoni na mitaani. Mpagazi kwa Kiingereza ni porter, na bia ikachukua jina la kazi yao: pota. Ile kali zaidi, iliyoshiba, ikaitwa stauti pota, yaani pota yenye nguvu, na baada ya muda neno la pili likadondoka.

"Wapagazi," akarudia mzee. Neno hilo kwetu si geni. Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo walikuwa wapagazi. "Na hao wa kwetu, walipofika pwani, walipewa nini cha kunywa?"

Sikuwa na jibu, nikaendelea na weusi. Kimea cha zamani kilikaushwa kwa moto wa kuni, kikatoka cha kahawia chenye harufu ya moshi. Kuelekea mwisho wa karne hiyo wapika bia wakaanza kutumia haidromita, kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyomo kwenye yale maji matamu, na wakagundua kwamba kimea cheupe kinatoa sukari nyingi zaidi kwa fedha ileile. Wakahamia kwenye kimea cheupe. Shida ni kwamba mteja alikwishazoea bia yake iwe nyeusi. Wapo waliotia rangi za kudanganyia, na sheria ikawabana. Ndipo mwaka 1817 Daniel Wheeler akapata hataza ya pipa la chuma linalozungushwa juu ya moto, linalochoma kimea mpaka kinakuwa cheusi bila kukifanya mkaa.

"Mashine ya kuchomea kahawa."

"Hasa."

"Basi ungesema hivyo tangu mwanzo."

Kimea hicho cheusi hakileti sukari ya maana, kwa sababu moto umekwisha kuila. Kazi yake ni rangi na ladha. Katika stauti nyingi nafaka nyeusi ni kama kilo moja kwa kila kumi, kilo tisa zilizobaki ni kimea cha kawaida cha rangi hafifu, kile kile kinachotengeneza lager ya njano unayoijua. Watu wanaoogopa bia nyeusi kwamba ni nzito na kali wanadanganywa na hiyo kilo moja. Rangi haina kilevi.

Nikamwonyesha na birika langu la umeme. London ina maji magumu. Ukichemsha wiki mbili bila kusafisha, ndani ya birika panashika chokaa nyeupe kama magamba. Maji ya namna hii yanasumbua bia nyepesi, yanaifanya iwe na uchungu wa kukwaruza. Lakini nafaka iliyochomwa ina ukali wake, na ukali huo unakutana na chokaa, vinapoozana. Kwa hiyo London ikapika bia nyeusi vizuri, Dublin nayo hivyohivyo kwa maji yanayofanana, wakati mji wa Plzeň huko Bohemia, wenye maji laini kabisa, ulizaa bia ya dhahabu. Mpika bia wa zamani hakuijua kemia hiyo, alijua tu kipi kinatoka vizuri kwake. Mzee alichungulia birika, akaweka kidole kwenye magamba, akaniuliza kama huwa nakunywa chai yenye hayo mawe. Nikasema huwa nakunywa.

Kisha akageuza chupa. "Hii 1890 ni nini?" Nikamwambia. Akafikiri. "Mangi Rindi alikuwa bado hai." Rindi, mtawala wa Moshi, alifariki mwaka 1891. Ni mwaka huohuo wa 1890 Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mkataba wa kugawana Zanzibar na kisiwa cha Heligoland, kwa hiyo watu waliokunywa bia ya namna hii London huenda waliyasoma magazetini majina ya nchi yetu huku povu likiwa mdomoni. Hilo sikulisema kwa sauti. Nililifikiria tu.

Nilichosema kwa sauti ni habari ya mafuriko, kwa sababu siku mbili kabla tulikuwa tumepita pale kwa basi. Mwisho wa Barabara ya Tottenham Court, mahali ulipo sasa ukumbi wa Dominion, palikuwa na kiwanda cha Meux kilichojaza pota kwenye mapipa ya mbao yenye urefu wa nyumba. Wenye viwanda walishindana nani ana pipa kubwa zaidi, kama watu wanavyoshindana kwa magari. Tarehe 17 Oktoba 1814 pipa moja la futi 22 likapasuka, likabomoa na mengine, ukuta wa nyuma ukaanguka, na wimbi la bia likaingia kwenye vichochoro vya St Giles walikokaa maskini, wengi wao Waayalandi. Watu 8 wakafa. Watano kati yao walikuwa kwenye chumba cha chini, wamekaa matanga ya mtoto wa miaka miwili. Uchunguzi wa vifo hivyo ukaamua kwamba ni ajali na bahati mbaya, na mwenye kiwanda hakulipa.

Baba mdogo alikuwa amevaa kofia yake ya sufu ndani ya nyumba kwa sababu ya baridi. Akaivua. Akakaa nayo magotini. "Kwenye matanga," akasema. Hatukuzungumza kwa muda, na mimi nikajilaumu kuileta habari hiyo mezani, maana huwa naisimulia kazini kama kichekesho na watu wanacheka. Nadhani sitaisimulia tena namna ile.

Dakika kama ishirini zilikuwa zimepita.

Akanusa kwanza. "Sasa," akasema.

Nikainamia glasi yangu. Kweli palikuwa na kitu kipya. Mwanzoni pua ilikutana na ubaridi tu, sasa harufu ilikuwa inatoka yenyewe bila kuitwa. Nikajikaza, nikatoa neno la kitaalamu nililolikariri: "Inanukia kahawa."

"Kahawa ipi?"

"Kahawa."

"Kahawa ina harufu nne," akasema mzee ambaye amelima buni tangu shule ya msingi na ambaye, kama wakulima wengi wa mlimani, nyumbani kwake anakunywa chai. Akahesabu kwa vidole. Kuna ya maua, mvua za kwanza zikipiga, kihamba chote, yaani shamba la nyumbani, kinanukia kama asumini. Kuna ya siku ya kumenya, maganda mekundu yakianza kuchacha kwenye shimo, tamu na kali kwa pamoja, inaita nzi. Kuna ya kichanja, buni imeanikwa na ganda lake, inanukia majani makavu. Na kuna ya kuchoma. "Hapa zipo mbili. Ya kuchoma iko juu. Ya maganda iko chini yake. Nusa tena."

Nikanusa tena. Ilikuwepo. Chini ya ule mchomo palikuwa na utamu mkali wa tunda lililoanza kugeuka. Kadi ya ile jioni ya aibu ingeniambia ni matunda meusi ya vichakani, nami ningeandika "nzuri". Nilipoambiwa ni maganda ya buni siku ya kumenya, niliona shimo lenyewe nyuma ya nyumba ya bibi, na nzi wake.

Kuanzia hapo mambo yakawa mepesi. Tukapiga funda, tukataja, tukabishana, kwa Kiswahili na Kichagga kidogo. Nilisema kali. Akakataa: kali ni pilipili, kali ni gongo, hii siyo kali. Ni chungu mbele, halafu inaacha ukakasi. Nami nikajiuliza kwa nini sikuwahi kulitumia neno hilo kwenye kinywaji wakati ndilo lenyewe: ile hali ya ulimi kukauka na kushikana, kama ulivyofanya utotoni ulipong'ata ndizi mbichi au bibo lisiloiva. Uchungu ni ladha, ukakasi unashika kaakaa na fizi. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Waingereza niliokaa nao jioni ile walivichanganya, na sisi tunavyo viwili vimetengwa tayari, kila kimoja na jina lake.

Halafu akasema kitu kilichonifanya niweke glasi chini. "Ukoko."

Ukoko wa wali. Ule uliogandia chini ya sufuria, wa kahawia, siyo uliokuwa mweusi, unaokwanguliwa na watoto wakigombana. Una ladha ya moto na ya nafaka kwa wakati mmoja: umeungua lakini bado ni chakula. Ndiyo stauti hii katikati yake, baada ya uchungu wa mwanzo kupita na kabla ukakasi haujafika. Nimesoma maelezo ya wapenzi wa bia kuhusu mkate uliobanikwa, chokoleti chungu, mbao za mapipa. Sikatai, chokoleti imo. Lakini mtu aliyekulia kwenye jiko la mkaa anayo maktaba yake ya vitu vilivyoungua kidogo, na ni kubwa: ukoko, mahindi ya kuchoma, kashata iliyozidi moto, karanga za kikaango, maziwa yaliyoshika chini ya sufuria. Bia nyeusi ni habari ya kuungua kwa kiasi. Sijui kwa nini nilidhani sina maneno.

Tulibishana kuhusu utamu. Mimi niliuona, kama sukari guru mwishoni. Yeye alisema utamu ni wa kilevi unanidanganya, bia yenyewe imeiva hadi mwisho, sukari imekwisha kuliwa. Nadhani alikuwa sahihi. Siyo kama Castle Milk Stout inayouzwa kwetu, ambayo utamu wake unaupata mara tu inapogusa ulimi, na ambayo shangazi zangu wanaipenda kwa sababu hiyohiyo. Stauti za maziwa hutiwa sukari ya maziwa, laktozi, ambayo hamira ya bia haiwezi kuila, kwa hiyo inabaki ndani mpaka kwako. Sizisemi vibaya. Ila mtu akizoea hizo, hii ya Bermondsey itamkaripia kwanza.

Na ile ya Dublin, mtauliza. Guinness ni ukoo mmoja na hii, wala haihitaji mimi niitetee: Arthur Guinness alipangisha eneo la St James's Gate mwaka 1759 kwa miaka 9,000, paundi 45 kwa mwaka, na huko kwetu chupa zake ziko mpaka kwenye baa za mwisho wa lami. Ile ya bomba yenye povu kama krimu ilibuniwa mwaka 1959 na mwanahisabati wao Michael Ash, aliyetumia naitrojeni ili mapovu yawe madogo. Ni laini, inateleza, ina adabu. Hii yetu ya chupa ya kaki ina mapovu makubwa yanayochoma kidogo, na mimi nayapenda, maana yanaikwangua ladha kutoka kwenye ulimi na kukuacha tayari kwa funda jingine. Ulaini ukizidi, bia inakuwa dufu, inapita kama maziwa mgando na huwezi kukumbuka ilisema nini.

Tulipofika nusu ya glasi mzee akapata wazo. Akatazama chupa iliyobaki kabatini. "Tumpelekee mama mtoto. Iongeze damu."

Nilijua itafika hapo. Hakuna ukoo wa kwetu usio na shangazi aliyepewa stauti baada ya uzazi, na jambo hili si la kwetu peke yetu: hapa Uingereza na Ireland nako akina mama waliojifungua walikuwa wakipewa, na kampuni yenyewe mwaka 1929 ilianza kutangaza kwamba Guinness ni nzuri kwako. Mimi ni muuguzi. Nikamweleza polepole kwamba weusi hauna uhusiano na damu, ni ule uleule wa pipa la Wheeler, kwamba chuma kilichomo ni kidogo mno, na kwamba kilevi kinafika kwenye maziwa ya mtoto. Akanisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Basi tumpikie mtori," akasema, na kesho yake tulizunguka maduka mawili ya Peckham kutafuta ndizi zinazofaa. Zilizopatikana hazikuwa za kwetu. Ila mtori ulilika.

Lakini usiku ule bado kulikuwa na jambo moja. Kwenye chupa nilikuwa nimeacha kidole kimoja cha bia, kwa sababu vitabu vyote vinasema ukifika kwenye machicha uache, hamira inatia ukungu na ladha ya unga. Nikainuka niende kumwaga kwenye sinki.

"Unamwaga nini?"

"Machicha, baba."

Hakusema neno. Akanyoosha mkono, akachukua chupa, akaizungusha taratibu kama bibi alivyozungusha kata kabla ya kuipitisha, akamimina kile kidogo kwenye glasi yake. Bia ikafanya ukungu wa kahawia. Akanywa, akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono, akanipa glasi na mimi nimalizie. Ilikuwa nzito zaidi, ukakasi umepungua, na mwishoni palikuwa na kitu ambacho sikukitarajia kabisa kwenye bia ya London: ule uvuguvugu wa mkate ulioumuka, na mbali sana, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya korongo, ulezi. Najua haukuwemo. Ni shayiri tupu. Namwambia msomaji kile nilichoonja.

Alipoondoka alinikataza kuigusa chupa ya pili mpaka arudi. Nikamwambia stauti kali za namna hii zinaweza kukaa kabatini muda mrefu, uchungu wa hopsi unatulia na ule utamu wa matunda unakuja juu, kwa hiyo hana haja ya kuharakisha. Akasema hilo analijua, na akaniuliza kama friji yangu ina kufuli.

Iko kabatini, nyuma ya unga wa sembe, imesimama wima ili machicha yatue.